Tabo Nyuma ya Gari: Wazo la 1941 Chini ya Mark X ya Umoja

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini leo naomba niwatoe kidogo kwenye tarakilishi twende gereji. Jirani yangu hapa Umoja ana Toyota Mark X, na kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba. Sasa anataka kuimalizia yote kwenye tabo ya kufungwa nyuma ya gari, pale sailensa ilipo. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ploti, nikaombwa nitafute kama kitu hiki ni cha maana au ni kupoteza pesa. Nilianza kwa kutafuta bei nikaishia kusoma historia ya zaidi ya miaka mia moja, na naona historia ndiyo iliyonijibu.

Kwa ambaye hajawahi kufungua boneti, tuelewane kwanza. Injini huchoma petroli kwa kuichanganya na hewa. Ukiipa hewa nyingi zaidi unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi, na nguvu inaongezeka. Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yamefungwa kwenye shafti moja. Moja linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, la pili linasukuma hewa safi kuingia. Kwa kawaida tabo hukaa ubavuni mwa injini, ambako moshi bado ni wa moto sana. Ile ya nyuma hukaa mwisho wa paipu ya ekzosi, karibu na bampa, halafu paipu nyingine inarudisha hewa iliyosukumwa hadi mbele. Yaani hewa inasafiri urefu wa gari zima kabla ya kufika kazini.

Watu wengi wanadhani tabo ilibuniwa kwa ajili ya mbio. Mswisi Alfred Büchi alipoandikisha hataza yake mwaka 1905, alikuwa anafikiria injini kubwa, na anahuzunishwa na moto mwingi unaopotea na moshi. Matumizi yaliyoipa jina yalikuja vitani, na hapa ndipo mtu wa Nairobi anapaswa kusikiliza. Ndege ikipanda juu hewa inakuwa nyepesi, injini inakosa pumzi. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kwenye kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini hiyo ilikuwa na nguvu farasi 350 ikiwa chini. Kule juu bila tabo ilitoa 230. Ikiwa na tabo ilitoa 356. Soma namba hizo tena. Tabo haikuongeza kitu cha maana. Ilirudisha kilichoibwa na mlima.

Sisi tunaishi mlimani na hatujui. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Pale Mombasa hewa inakandamiza kwa psi 14.7, kipimo kile kile unachotumia kupima gurudumu. Hapa kwetu ni kama psi 12. Kwa hiyo Mark X ya lita 2.5, ambayo karatasi za Japani zinasema ina farasi 215, ikipita Jogoo Road inakimbia na 180 hivi. Farasi wengine wamebaki Likoni. Ukiona gari lako linapanda Kamandegere kwa shida usimlaumu fundi kwanza.

Sasa turudi kwenye nyuma. Kwenye mtandao utasoma kwamba tabo ya nyuma ililetwa na Squires Turbo Systems, kampuni ya Utah iliyoanza kuuza vifurushi hivi kwa magari kama Corvette mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni kweli wao ndio walioifanya biashara. Lakini wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 6 Mei 1941 iliruka kwa mara ya kwanza ndege ya kivita XP-47B, mama wa P-47 Thunderbolt, iliyobuniwa na Alexander Kartveli, mhandisi mzaliwa wa Tbilisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Injini ilikuwa puani, silinda 18, nguvu farasi 2,000. Tabo ilikuwa mkiani, nyuma ya rubani! Moshi ulipelekwa nyuma kwa paipu zilizopita tumboni mwa ndege, ukazungusha tabo, na hewa ikapozwa huko huko kabla ya kurudishwa mbele. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na zilipigana hadi mwisho wa vita.

Kwa nini Kartveli aliiweka huko? Kwa sababu pua ilikuwa imejaa, na kwa sababu uzito wa mkiani ulisaidia kusawazisha injini ile nzito. Nafasi na mizani, basi. Gharama yake ikawa ndege nene, zaidi ya tani 4 ikiwa tupu. Jirani yangu naye ana tatizo la nafasi: injini ya Mark X ni ya V, silinda sita, na ukiangalia pembeni huoni pa kuingiza hata mkono. Katika hilo yuko pamoja na Kartveli kabisa.

Hebu sasa tupime. Faida ya kwanza nimeshaitaja, nafasi. Hukati manifoldi, hupangui injini, na fundi wa ekzosi wa Kariobangi Light Industries anaweza kukunja paipu zote kwa siku chache. Ya pili ni joto. Chini ya boneti kunabaki kama kulivyokuwa, waya na hozi haziungui. Ya tatu, hewa inayorudi mbele inapoa njiani kidogo, kwa hiyo kwa msukumo mdogo unaweza kuishi bila intakula.

Lalamiko ambalo kila mtu hulitoa ni uchelewaji. Wanasema paipu ni ndefu, ukikanyaga unasubiri. Tuliotumia intaneti ya Kenya kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 tunajua kusubiri. Kila ombi lilipanda hadi setilaiti kilomita 36,000 juu na kushuka. Kwa hiyo nami niliamini lalamiko hilo, hadi nilipochukua kalamu. Paipu ya inchi mbili na nusu yenye urefu wa mita nne inabeba hewa lita 13 hivi. Injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inameza kama lita 40 kila sekunde. Ili kuongeza shinikizo la paipu hiyo kwa robo unahitaji lita tatu na kitu za ziada. Hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde. Paipu si setilaiti. Kinachochelewesha ni kwamba moshi ukifika nyuma umeshapoa na kusinyaa, hauna tena ile kasi ya kuzungusha tabini. Dawa yake ni tabo yenye nyumba ndogo upande wa moshi, na wanaouza vifurushi wanalijua hilo. Hata hivyo viwanda vikubwa vimekwenda upande wa pili kabisa. BMW mwaka 2008 walitoa injini ya V8, N63, yenye tabo mbili ndani ya V yenyewe, karibu na moto kadiri inavyowezekana. Mwenye pesa ya utafiti hakuchagua bampa.

Tatizo kubwa zaidi ni oili. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya oili. Tabo ya mbele iko juu ya sampu, oili inashuka yenyewe. Ya nyuma iko chini, kwa hiyo lazima pampu ndogo ya umeme iirudishe oili hadi mbele. Pampu hiyo ikifa kimya kimya, na waya zinazopita chini ya gari hufa hivyo, oili inajaa ndani ya tabo, inavuja kwenye ekzosi, na unaanza kuvuta moshi wa buluu kama basi la zamani. Ukichelewa kuona, injini inabaki bila oili. Kwangu mimi, kifaa ambacho kikifeli kinaua kitu kingine cha bei mara kumi, na hakina taa ya kukuonya, hakijakamilika.

Halafu kuna barabara zetu. Hapa historia ya kwetu inaingia. Safari Rally ilishindwa kwa muda mrefu na magari yasiyo na tabo. Mkenya Shekhar Mehta alichukua ushindi wake wa tano mwaka 1982 kwa Nissan Violet ya namna hiyo. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica Twin Cam Turbo, gari la kwanza la tabo kushinda Safari, na Toyota hao hao wakarudia 1985 na 1986. Nchi ya milima ilikuwa imekutana na mashine ya milima. Lakini angalia picha za magari ya Safari ya miaka ya 1990, Subaru na Toyota na Mitsubishi. Mengi yana bomba linalopanda kutoka kwenye boneti hadi kando ya kioo, kama pembe. Ni bomba la kuvuta hewa. Timu zenye mamilioni ziliona kwamba Kenya ikinyesha, pua ya gari lazima iwe juu ya maji.

Tabo ya nyuma inaweka pua hiyo karibu na gurudumu la nyuma, sentimita chache kutoka kwenye lami. Mark X yenyewe iko chini, inakwaruza matuta. Fikiria mwezi wa Aprili Kayole, au zile barabara za ndani za Umoja udongo mweusi ukishashika maji. Filta inakunywa tope. Hewa ikibeba mchanga, mapanga ya kompresa yanalika. Ikibeba maji ya kutosha, maji yanafika kwenye silinda, na maji hayakandamiziki, kitakachopinda ni fimbo ya pistoni. Kifurushi cha Utah kilifikiriwa kwa barabara za Utah. Unaweza kupandisha paipu ya kuvuta hewa hadi ndani ya buti na kuweka filta huko, na ni jambo la kwanza ningelisisitiza. Kuhusu wezi sisemi kitu. Mtaa unaong'oa vioo vya pembeni usiku, tabo inayoning'inia nje kwa boliti nne ni mwaliko.

Sasa jambo ambalo sikuliona likizungumziwa popote, na ndilo lililonikosesha usingizi. Injini ya Mark X, 4GR-FSE, ina mkandamizo wa 12 kwa 1. Ni mkubwa. Oldsmobile walijaribu kitu cha namna hiyo mwaka 1962 na gari lao Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na tabo. Mkandamizo wake ulikuwa 10.25 kwa 1, na ili petroli isilipuke kabla ya wakati ilibidi mwenye gari ajaze tangi dogo la mchanganyiko wa maji na methanoli. Watu walisahau kujaza. Wengi waliishia kung'olewa tabo zao gereji.

Lakini kwa msukumo mdogo wa psi 3 hapa Nairobi, hesabu ni nzuri ajabu: 12 na 3 ni 15, yaani hewa ya Mombasa. Injini haioni kitu chochote ambacho Toyota hawakukitarajia. Ni Pikes Peak ya Moss, ndogo, chini ya bampa. Kwa hiyo nilimwambia jirani kwamba kwa matumizi ya Eastlands na safari za Nakuru, kitu hicho kinaweza kurudisha farasi wake bila kuua injini, akikubali pampu yenye taa ya onyo na filta ndani ya buti.

Tatizo ni Desemba. Kila mwaka yeye hupakia mke na watoto watatu kwenda kwao Mtwapa. Valvu inayopunguza msukumo wa tabo hufanya kazi kwa springi, na springi haijui iko mji gani. Inapima tofauti kati ya ndani ya paipu na hewa ya nje. Psi 3 za Nairobi zitabaki psi 3 zikifika pwani, lakini sasa zinakaa juu ya 14.7, na injini ya 12 kwa 1 inapokea karibu 18, kwenye joto la pwani, baada ya kilomita karibu 500, gari limejaa watu na mizigo. Hapo ndipo petroli inapoanza kulipuka kabla ya plagi, injini inagonga, na pistoni inatoboka Mariakani usiku. P-47 ilikuwa na kidhibiti kilichofuata kimo cha ndege. Kifurushi cha bei nafuu kina springi tu.

Nilimwonyesha namba hizo kwenye karatasi, akakaa nazo jioni nzima. Aliuliza kama springi inaweza kubadilishwa Voi. Inaweza, kama una jeki na subira ya kusubiri ekzosi ipoe na watoto wanalia. Njia safi ni kidhibiti cha umeme kinachosoma shinikizo halisi, pamoja na kupangwa upya kwa kompyuta ya injini, na hapo akiba yake haitoshi. Mimi pesa hiyo ningeiongeza juu ya bei ya Mark X na kununua Forester iliyotoka kiwandani na tabo yake, na tayari ameanza kwenda Kirinyaga Road jioni kuuliza bei za spea zake. Uamuzi ni wake. Somo la hifadhidata linaendelea wiki ijayo.