Mpini Ukivunjika Jembe Halitupwi: Historia Fupi ya Kompyuta Mpakato za Zamani

Kwa kawaida hapa tunazungumzia mbegu, mbolea na bei za mazao. Leo nataka tuzungumzie kifaa ambacho kimeingia kwenye vikundi vyetu na kwenye maduka mengi ya pembejeo: kompyuta mpakato, ile ambayo wengi tunaiita laptopu. Nitaeleza historia yake, kwa sababu ukiijua historia hiyo utajua ipi ya kununua, ipi ya kutengeneza na ipi ya kuacha.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja ninachokihudumia kilikuwa na kompyuta ya mtumba, nyeusi na nene, ya mwaka 2011. Katibu aliitumia kuandika uzito wa mazao ya wanachama na madeni ya pembejeo. Ikawa nzito mno. Ukiiwasha asubuhi, ulikuwa unaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijafunguka. Wakaniuliza ushauri. Nikawaambia iuzeni, nunueni mpya. Wakaiuza kwa bei ya kutupa, wakaongeza fedha yenye thamani ya magunia manane ya mahindi, wakanunua mpya, nyembamba na ya kupendeza.

Msimu mmoja tu ulipopita, ile mpya nayo ikawa nzito. Fundi alipoifungua alituonyesha tatizo: RAM ilikuwa GB 4, imechomelewa kwenye bodi. Hata sehemu ya kuhifadhia mafaili ilikuwa chipu iliyochomelewa. Hapakuwa na nafasi ya kuongeza kitu. Na ile ya zamani? Fundi huyohuyo ndiye aliyekuwa ameinunua. Aliibadilishia diski, akaiongezea RAM, na mpaka leo anaitumia kibandani kwake kuchapishia watu barua. Wanachama waliniangalia, nikakosa la kusema. Magunia manane yalikuwa jasho lao, si langu.

Tangu siku hiyo nikaanza kufuatilia: kwa nini kompyuta ya zamani ilikubali kutengenezwa na mpya ikakataa?

Zilianza kama mzigo wa kubebwa

Mwaka 1981 nchini Marekani, kampuni ya Adam Osborne ilianza kuuza kompyuta ya kubeba iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11, yaani zaidi ya nusu ya ndoo kubwa ya maji. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, na haikuwa na betri ndani. Bei yake ilikuwa dola 1,795. Mwaka 1985 Toshiba ya Japani ilitoa T1100, yenye uzito wa kilo 4 hivi, ambayo iliweza kufanya kazi kwa betri na kuwekwa mapajani. Hapo ndipo kompyuta mpakato ilipoanza kufanana na hizi tunazozijua.

Kwetu Tanzania hali ilikuwa nyingine. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, enzi za mashine kubwa za kujaza chumba. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hasara zilizotokana na jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa mashine hizo. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Mimi naona somo lake bado lipo: mashine isiyo na vipuri wala fundi wa karibu inaweza kukugharimu kuliko kazi inayokufanyia. Mwenye trekta lililolala shambani msimu mzima kwa kukosa kipuri kimoja ananielewa.

Kisanduku cheusi cha mwaka 1992

Oktoba 1992 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ThinkPad 700C. Ilikuwa nyeusi, yenye umbo la kisanduku, na diski yake iliweza kuchomolewa. Bei yake ilikuwa dola 4,350, kwa hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Wateja wake walikuwa makampuni makubwa na ofisi za serikali.

Wateja wa namna hiyo walikuwa na mafundi wao wenyewe, na hawakutaka mfanyakazi akae siku tatu bila kompyuta. Kwa hiyo mashine ilitakiwa ifunguke haraka: toa diski, weka nyingine, toa kibodi, weka nyingine, kazi iendelee. IBM ilitoa pia vitabu vya matengenezo vinavyoonyesha kila skrubu inapokaa. Mwaka 2005 kazi hiyo ilichukuliwa na Lenovo ya China, nayo imeendelea kutoa vitabu hivyo mpaka leo.

Makampuni hayo hubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima, na zile za zamani huuzwa kwa jumla. Ndiyo maana masoko yetu ya mtumba yamejaa kompyuta za ofisini, za ThinkPad na za makampuni mengine kama Dell na HP. Mkulima ananunua kwa bei ndogo kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya benki. Hii ni bahati yetu, mradi tujue kuchagua.

Mfano mzuri ni ThinkPad T420 ya mwaka 2011. Betri yake inatoka kwa kusogeza vitasa viwili, bila bisibisi. Diski inatoka kwa kufungua skrubu moja ya kifuniko. Ina nafasi mbili za RAM. Lakini nayo ina ukaidi wake: ukiiwekea kadi ya Wi-Fi ambayo haimo kwenye orodha yake, inatoa onyo na kukataa kuendelea kuwaka. Muulize fundi kabla hujanunua kadi.

Diski ndiyo iliyobaki nyuma

Kwa nini basi kompyuta ya 2011 ilikuwa nzito kiasi kile? Mara nyingi prosesa haina kosa. Kosa liko kwenye diski.

Diski ya sumaku ilianza mwaka 1956, nayo pia ilikuwa kazi ya IBM. Ile ya kwanza ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikaribia tani moja, na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Baadaye diski zilipungua hadi kutosha kiganjani na kuhifadhi mara maelfu zaidi, lakini namna ya kufanya kazi ilibaki ileile: sahani inazunguka na mkono mdogo unatafuta taarifa. Diski nyingi za mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ni kama mtunza ghala anayetembea hadi mwisho wa ghala kila ukimuagiza kilo moja. Prosesa iliongezeka kasi mwaka hadi mwaka, lakini ikabaki imesimama ikimsubiri mtunza ghala.

Dawa ilitoka Japani. Miaka ya 1980, mhandisi Fujio Masuoka wa Toshiba alibuni kumbukumbu ya flashi, ambayo hutunza taarifa bila umeme na bila kitu chochote kinachozunguka. Ndiyo iliyomo kwenye flashi unayoweka nyimbo, na ndiyo iliyozaa SSD. Kuanzia mwaka 2008 SSD zikaanza kuonekana kwenye kompyuta za kawaida, na bei ikaendelea kushuka.

Watengenezaji walifanya jambo moja la busara hapa. Walizipa SSD umbo lilelile la diski za inchi 2.5 na plagi ileile ya SATA iliyokuwapo tangu 2003. Kwa hiyo kompyuta iliyotoka kiwandani na diski ya kuzunguka inapokea SSD kama jembe linavyopokea mpini mpya. Kompyuta ya kikundi chetu haikuwa imekufa. Ilikuwa inasubiri mpini.

Milango ilipoanza kufungwa

Mwaka 2008 Apple ilionyesha MacBook Air, kompyuta nyembamba iliyotolewa ndani ya bahasha mbele ya watu. RAM yake ilichomelewa kwenye bodi. Mwaka 2012 ikaja MacBook Pro ya kioo cha Retina, RAM imechomelewa na betri imegandishwa kwa gundi. Wengine wakafuata. Watu walipenda wembamba na wepesi, na nafasi za vipuri hula unene. Tuseme ukweli pia: mashine isiyoongezeka humrudisha mteja dukani mapema.

Hata zile nyeusi za ofisini zilibadilika. ThinkPad T440s ya 2013 ilikuwa na sehemu ya RAM iliyochomelewa na nafasi moja tu ya kuongeza. T480 ya 2018 bado ilikuwa na nafasi mbili na betri ya kuchomoa, lakini T490 ya 2019 iliiacha betri hiyo. Kwa hiyo mwaka mmoja tu unaweza kutofautisha mashine rahisi kutengeneza na mashine ngumu, ingawa kwa nje zinafanana kama mapacha.

Siku hizi upepo umeanza kugeuka. Mwaka 2024 Lenovo ilitoa T14 mpya yenye nafasi mbili za RAM tena. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya namna hii ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Zile za Ulaya za leo ndizo mtumba wetu wa kesho.

Programu nazo huzeesha mashine

Mashine inaweza kuwa nzima lakini programu yake ikaachwa. Windows XP ya 2001 iliachwa Aprili 2014, Windows 7 ikaachwa Januari 2020, na Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Mashine inayoendelea na programu iliyoachwa hailindwi tena na virusi vipya, na hilo ni hatari kwa anayefanyia mambo ya fedha humo.

Njia ya kutokea ipo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa mfumo uitwao Linux. Leo matoleo yake kama Linux Mint na Ubuntu yanapatikana bure na yanafanya kazi vizuri kwenye mashine nyingi za 2011 zenye RAM ya kutosha. Kwa kuandika barua na kutunza hesabu za kikundi, LibreOffice iliyomo humo inatosha.

Tufanye nini basi?

Kabla ya kununua ya mtumba, uliza modeli kamili, si jina la kampuni tu. Mwombe fundi akwambie kama RAM na diski zinabadilika. Kama zimechomelewa, inunue tu iwapo kiasi kilichomo kinakutosha kwa miaka yote utakayoitumia.

Kama unayo ya zamani, fuata mpangilio huu. Kwanza, nakili mafaili yote kwenye flashi au diski ya nje. Pili, weka SSD, kwani ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote. Tatu, ongeza RAM ifike GB 8. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana RAM ya DDR3 ya mwaka 2011 haiingii kwenye nafasi ya DDR4 ya 2018. Nne, badilisha betri ikiwa haishiki chaji. Kwenye umeme wa kukatika, betri nzima ndiyo inayookoa kazi yako.

Katika matunzo, adui wetu mkubwa ni vumbi na joto. Kompyuta inayokaa ghalani au karibu na mashine ya kukoboa isafishwe feni yake kila msimu. Izime, toa betri kama inatoka, na ushikilie feni isizunguke unapopuliza. Usiiache kwenye jua wala juu ya godoro. Betri ikivimba, acha kuitumia mara moja. Usiitoboe wala kuichoma na takataka, maana inaweza kulipuka moto.

Mwisho, SSD nayo hufa, na mara nyingi haitoi mlio wa kukuonya kama diski ya zamani. Kila jioni ya siku ya mnada au ya kupokea mazao, nakili kumbukumbu, na flashi hiyo ikae kwa mtu mwingine, si kwenye mkoba uleule wa kompyuta.

Kuna wakati wa kuacha pia. Bodi ikiungua, au kioo na betri na bodi vyote vikidai fedha kwa pamoja, tafuta nyingine. Lakini wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kikundi chetu kilikwisha kununua nyingine ya mtumba, nene na nyeusi, na safari hii tuliifungua mezani kwa muuzaji, tukaona nafasi mbili za RAM kwa macho yetu, ndipo tukatoa fedha.

Nawatakia msimu mwema.