Kutoka Dokezo hadi Kanuni: Historia Fupi ya Wazo la Neva Moja, Kemikali Moja

Makala hii inajadili jinsi dokezo la mwanasayansi lilivyogeuzwa kuwa sheria na waliomfuata. Mwaka 1934, Henry Dale wa Uingereza alidokeza kwamba kemikali inayotolewa katika ncha moja ya seli ya neva ingeweza kutusaidia kukisia ile inayotolewa katika ncha yake nyingine. Hakusema kwamba seli hubeba kemikali moja tu. Hata hivyo, baada ya John Eccles kuliita wazo hilo kanuni ya Dale katika miaka ya 1950, wengi walilielewa hivyo. Mwaka 1976, Geoffrey Burnstock aliuliza iwapo baadhi ya seli hutoa zaidi ya kemikali moja. Mwaka uliofuata, Tomas Hökfelt na wenzake walionyesha somatostatini ndani ya neva zenye noradrenalini. Baadaye, katika neva za tezi za mate za paka, ilibainika kwamba msisimko wa polepole hutoa asetilikolini kutoka vifuko vidogo, ilhali msisimko wa kasi huongeza peptidi kutoka vifuko vikubwa. Ushahidi huo haukumpinga Dale mwenyewe. Ulipinga tafsiri ya maneno yake. Kwa hiyo, mtafiti hana budi kurejea matini asilia kabla ya kuikubali kanuni kwa uzito wa jina lake.