Tairi la theluji si tairi la tope: Mwongozo kwa madereva wa Mbeere

MVUA ya vuli inapoanza kunyesha mwezi wa Oktoba, njia za udongo zinazouzunguka mji wa Siakago, Kaunti ya Embu, hubadilika kwa siku chache tu. Vumbi hugeuka tope, na vijito vya mchanga ambavyo vilikuwa vikavu kwa miezi kadhaa hujaa maji. Hapo ndipo wenye magari huanza kuulizana ni tairi gani litakalowafikisha waendako.

Swali hilo lina uzito wake. Mbeere ni eneo la muguka, zao ambalo hunyauka upesi na ambalo bei yake huporomoka gari likilala njiani. Gari hilo hilo la mizigo ndilo linaloombwa usiku kumkimbiza mama mjamzito au mtoto mgonjwa katika hospitali ya Siakago.

Baadhi ya madereva hudhani kwamba suluhisho ni tairi la theluji. Magari ya mtumba yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani wakati mwingine huja yakiwa na matairi ya aina hiyo, hasa yakiwa yametumika katika sehemu za baridi kama kisiwa cha Hokkaido. Meno yake ni mengi na makali, na ubavuni huwa na alama ya mlima na chembe ya theluji. Mnunuzi huona amepata tairi la kazi ngumu, kumbe amepata tairi la kazi nyingine kabisa.

Lilikotoka tairi la theluji

Kampuni ya Ufini ambayo leo inaitwa Nokian ilitengeneza tairi la kwanza la majira ya baridi mwaka 1934, kwa ajili ya malori. Miaka miwili baadaye ilitoa tairi la magari madogo lililopewa jina la Hakkapeliitta. Baadaye watengenezaji walianza kupachika misumari midogo ya chuma katika meno ili tairi liume barafu.

Nchini Japani misumari hiyo ilizua balaa. Ilikwangua lami na kujaza miji ya kaskazini vumbi lililodhuru afya za watu, hata Serikali ikatunga sheria ya kuidhibiti mwaka 1990. Mahali pake pakachukuliwa na tairi laini lisilo na misumari, mfano wake ukiwa Blizzak, ambalo Bridgestone ililizindua mwaka 1988. Tairi la aina hii ndilo linalofika Kenya likiwa na neno STUDLESS ubavuni, maana yake lisilo na misumari.

Katika nchi za baridi tairi hili ni jambo la sheria. Mkoa wa Quebec nchini Kanada huwalazimu wenye magari kulifunga kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ujerumani nayo, tangu Oktoba 2024, inalitambua tu tairi lenye alama ya mlima na chembe ya theluji kuwa halali kwa barabara za barafu na theluji. Mkenya anayeishi huko hana budi kulinunua. Anayeishi Siakago ana sababu ya kuliepuka.

Mpira na joto

Sababu ya kwanza ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzijoto 7 za Selsiasi, na ukiwa mgumu haushiki barabara vizuri. Tairi la theluji limechanganywa ili libaki laini hata katika baridi kali.

Mbeere ni nyanda za joto. Theluji pekee iliyo karibu ni ile ya kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Katika joto la mchana, tena juu ya lami iliyopigwa na jua, mpira uliotengenezewa baridi hulegea kupita kiasi. Meno huyumba gari likikata kona, breki huchukua masafa marefu zaidi kulisimamisha, na tairi huisha haraka.

Hatari huzidi gari likipakiwa mzigo mzito na kuendeshwa kwa kasi kwa saa nyingi, kama yafanyavyo magari ya muguka yanayoteremka kuelekea Mombasa. Tairi laini huzalisha joto jingi, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi.

Theluji hushikwa, tope hutupwa

Sababu ya pili iko katika umbo la meno. Tairi la theluji lina mipasuo mingi myembamba iliyochanjwa juu ya kila jino. Mipasuo hiyo hufunguka tairi linapokanyaga, ikauma barafu na kubana theluji ndani yake. Theluji hushikamana vizuri na theluji nyingine, kwa hiyo tairi lililobeba theluji kidogo katika meno yake hushika barabara vyema zaidi.

Tope halina tabia hiyo. Likijaa katika meno hugeuza tairi kuwa duara laini linalozunguka mahali pamoja. Tairi la tope linahitaji nafasi pana kati ya jino na jino, zilizo wazi hadi pembeni, ili kila linapozunguka lilitupe tope nje na kukanyaga upya likiwa safi. Mipasuo myembamba ya tairi la theluji huzibwa na udongo unaonata katika mizunguko michache ya kwanza.

Kusoma ubavu wa tairi

Maelezo mengi anayohitaji mnunuzi yameandikwa ubavuni. Tuchukue mfano wa tairi lenye maandishi 195/65R15 91H. Upana wake ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na linavaa rimu ya inchi 15. Herufi R huonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa.

Nambari 91 ni ya uzito. Maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 615, na manne kilo 2,460, uzito wa gari lenyewe ukiwa ndani ya hesabu. Herufi H ni ya kasi, nayo huruhusu hadi kilomita 210 kwa saa. Matairi mengi ya theluji kutoka Japani huwa na herufi Q, ambayo kikomo chake ni kilomita 160.

Herufi M+S husimama badala ya tope na theluji, lakini hazithibitishi kwamba tairi limejaribiwa. Mtengenezaji huziweka kwa kuangalia mchoro wa meno tu. Alama ya mlima na chembe ya theluji ndiyo hutolewa baada ya jaribio, nalo ni jaribio la theluji. Halina habari na tope.

Aina tatu za kulinganisha

Kwa magari ya kubebea mizigo na yale ya magurudumu manne yanayovuta, soko hutoa aina tatu kuu.

H/T ni tairi la barabara kuu. Ni kimya, halili mafuta mengi na husimama vizuri kwenye lami yenye maji. Kwenye tope zito hushindwa mapema.

M/T ni tairi la tope. Meno yake ni makubwa na nafasi zake ni pana. Hulipita tope ambalo mengine hukwama, ila kwenye lami hupiga kelele, huongeza matumizi ya mafuta, na mvua ikinyesha breki zake huwa dhaifu.

A/T liko katikati. Kwa dereva anayeanza safari kwenye lami ya Embu kisha akaingia njia za udongo na mchanga za Mbeere, hili ndilo linalofaa mara nyingi. M/T linamfaa yule ambaye kazi yake ya kila siku ni mashambani, au ambaye hupita kwenye udongo mweusi unaonata kama ule wa tambarare za Mwea.

Magari madogo hayapati aina nyingi kama hizo. Mwenye gari dogo atafute tairi la kawaida lililo jipya, lenye meno marefu yaliyo wazi pembeni, na nambari ya uzito isiyopungua ile iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari.

Umri na upara

Tarehe ya kutengenezwa imo katika tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata lisipotumika, kwa kuwa jua na hewa huukausha mpira. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10, hata kama meno yake bado ni marefu.

Uingereza ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2012 watu watatu walikufa basi lilipopata ajali katika eneo la Surrey baada ya tairi lake la mbele, lililokuwa na umri wa miaka 19, kupasuka. Tangu Februari 2021 nchi hiyo imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi.

Meno nayo yana kipimo. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa tope, ni busara kulibadilisha kabla ya kufika hapo, kwani tairi linalokaribia upara halina mahali pa kupitishia tope wala maji.

Upepo na mpangilio

Tairi zuri likijazwa upepo vibaya halisaidii. Kwenye mchanga wa vijito, kupunguza upepo kidogo, mathalani kutoka pauni 32 hadi 25, hulitandaza tairi lisizame. Kasi nayo ipunguzwe, na upepo urudishwe kabla ya gari kurejea kwenye lami. Minyororo husaidia kwenye tope kama inavyosaidia kwenye theluji, lakini nayo ifunguliwe lami inapoanza.

Matairi yote manne yanapaswa kuwa ya aina moja. Kuchanganya mawili ya theluji na mawili ya kawaida hufanya upande mmoja wa gari ushike barabara kuliko mwingine, na gari laweza kugeuka ghafla breki zinapokanyagwa. Fedha zikitosha matairi mawili mapya tu, watengenezaji hushauri yafungwe nyuma ili mkia wa gari usiteleze.

Anayenunua gari la mtumba basi na akague matairi kabla ya kulipa. Akikuta neno STUDLESS au alama ya mlima na chembe ya theluji, aingize gharama ya matairi mapya katika bei anayojadiliana na muuzaji. Na akienda kununua hayo mapya, aulize kwanza nambari ya uzito, kisha tarehe, kisha aina ya meno, na mwisho ndipo aulize bei.