Lee Israel na Sauti za Kuazima

Filamu ya Can You Ever Forgive Me? (2018), iliyoongozwa na Marielle Heller, inasimulia maisha ya Lee Israel, mwandishi wa wasifu wa New York aliyefariki mwaka 2014. Israel hakuwa mwandishi duni. Kitabu chake kuhusu mwanahabari Dorothy Kilgallen kiliuzwa sana. Wasifu wa Estée Lauder, uliotoka 1985, ndio ulioanguka. Baada ya hapo riziki ya kalamu ikakauka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaanza kughushi barua za waandishi marehemu: Dorothy Parker, Noël Coward, Lillian Hellman na wengineo. Alitafuta taipureta kuukuu na karatasi za zama zile, akafuatisha saini. Lakini hivyo ni vyombo tu. Kilichouza barua zile ni lugha: aliwasoma waandishi hao hata akajua namna kila mmoja anavyotania na anavyolalamika. Alitunga barua zaidi ya 400. Jina la filamu lenyewe limetoka katika barua aliyomzulia Parker.

Barua za Coward ndizo zilizoamsha shaka. Ndani yake Coward anayataja waziwazi mapenzi yake kwa wanaume, ilhali kwa sehemu kubwa ya maisha yake jambo hilo lilikuwa jinai nchini Uingereza, naye aliichunga mno kalamu yake. Israel aliupata utani wa Coward. Hakuipata hofu yake.

Wanunuzi walipozinduka, aligeukia wizi: alichukua barua halisi maktabani na kuacha nakala alizozighushi. Mwaka 1993 alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha miezi 6 na uangalizi wa miaka 5. Hata hivyo, barua zake mbili ziliingia katika mkusanyo wa barua za Coward uliochapishwa 2007. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2008, Israel alizihesabu barua hizo kuwa kazi yake bora.

Kisa hiki kinatuhusu sisi wapenzi wa tungo za kale. Watunzi wetu wengi waliweka majina yao katika beti za tamati, nasi huridhika tukiyaona. Lakini jina huandikika, na mtindo huigika. Basi anayepokea mswada na aulize mawili: umepita mikononi mwa nani? Na je, mtunzi huyu, katika zama zake, angethubutu kusema haya?