Kolelo, Maji na Risasi: Historia ya Hadithi za Ajabu Uzaramo

Mwanafunzi wa fasihi akikutana na hadithi yenye nyoka anayesema au mganga aliyezama mtoni akatoka mkavu, mara huibandika jina: ngano za watoto. Lakini mambo hayo hayo yakija katika katuni za Kijapani, anakesha akizitazama. Mwaka 1997 Hayao Miyazaki alitoa Princess Mononoke, ambamo miungu ya msitu inapigana na wafua chuma wanaofyeka miti. Hapo hatusemi ni ushirikina, tunasema ni sanaa! Basi tuulize: Uzaramo, ikiwemo nchi ya Kisarawe pamoja na sehemu ya Kibaha, haikuwa na ajabu za namna hiyo? Ilikuwa nazo, na kazi yake haikuwa kuburudisha tu.

Mfano mkubwa ni Kolelo. Wazaramo walimjua kuwa ni mzimu mwenye umbo la nyoka mkubwa, makao yake pangoni katika milima ya Uluguru. Mvua ikigoma, watu walifunga safari kwenda kumwomba. Ukitazama ramani unaona mantiki yake: maji ya mto Ruvu hutoka Uluguru, yakapita Mlandizi, Kibaha, hadi baharini karibu na Bagamoyo. Mwenye mlima ndiye mwenye maji, na mwenye maji ndiye mwenye chakula.

Halafu wakaja Wajerumani. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898, na mwaka 1902 yakafuata mashamba ya pamba ya lazima chini ya majumbe. Mtu akaacha shamba lake kwenda kulima la serikali, na malipo yenyewe hayakuwa ya maana. Mwaka 1905 zikaenea habari Uzaramo kwamba Kolelo amekataza kodi isilipwe tena. Mafuriko makubwa yangewazoa wageni na vibaraka wao; ardhi ingefunguka iwameze; bunduki za askari zingetoa maji badala ya risasi; simba saba wangetokea kuwamaliza maadui.

Mhakiki mvivu ataishia kusema, "Imani potofu." Hebu tusome vizuri. Zamani Kolelo aliombwa mvua kwa sababu ukame ndio ulioleta njaa. Sasa njaa inaletwa na serikali, kwa hiyo mzimu wa mvua anatoa amri dhidi ya serikali, na silaha yake ni ile ile: maji. Fani haikubadilika sana. Maudhui ndiyo yaliyopanuka. Ajabu hapa ni hoja ya kisiasa iliyosemwa kwa lugha ambayo kila mkulima aliielewa.

Tena tukumbuke nani aliyeiandika. Habari hizi tunazipata hasa kwa kalamu ya Martin Klamroth, mmisionari wa Kijerumani aliyechapisha utafiti wake juu ya dini ya Wazaramo kati ya 1910 na 1913. Yaani mwandishi mwenyewe ni mmoja wa wale ambao ardhi ilitakiwa iwameze! Lazima tumsome kwa tahadhari.

Wala tusiipambe ajabu hiyo kupita kiasi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa maji ya vita, alinyongwa Mohoro mnamo Agosti 4, 1905. Tarehe 30 mwezi huo, bombomu za ngome ya Mahenge ziliua wapiganaji wengi sana. Risasi zilibaki risasi. Ndilo tatizo alilolishika Ebrahim Hussein katika tamthilia ya Kinjeketile (1969): maji yanawaunganisha watu, na maji hayo hayo yanawapeleka kwenye mauti. Hussein alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kisanaa, siyo mtu wa historia mwenyewe. Alichukua ajabu akaiuliza swali, na hivyo ndivyo fasihi inavyokua.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji. Waliosimulia siku zile wamekwishatutoka. Kisarawe na Kibaha ni jirani zetu kabisa, na mashamba huko yanageuka viwanja. Tukingoja mpaka studio ya ng'ambo igundue kwamba Kolelo anafaa kwa katuni, tutamtazama kwenye skrini kama mgeni, tumsome kwa maandishi ya chini. Afadhali tuchukue daftari twende wenyewe, kabla hajabaki Kolelo wa Klamroth peke yake.