Neno la wiki: Bandama

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, imekaa kushoto, chini ya mbavu, na kazi yake ni kuchuja damu. Vimelea vya malaria vikipita humo, seli za kinga hutambua protini zao ngeni, yaani antijeni, kisha huongezeka na kutengeneza kingamwili. Mtu akiambukizwa tena na tena, bandama huvimba. Ndiyo maana wataalamu wa mradi wa malaria wa Pare-Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanganyika (sasa Tanzania), miaka ya 1950, walipapasa matumbo ya watoto ili kujua jinsi malaria ilivyoenea. Tulitunze neno hili. Mzazi wa Mboghoni, huko Taveta, akilijua, ataelewa vyema daktari anachotafuta ubavuni mwa mwanawe.