Kaliua: Kutoka Kituo cha Reli Hadi Makao ya Wilaya

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, Halmashauri ilinitaka niandike habari za mahali petu. Nimekubali kwa furaha, maana wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na vijana wengi waletao marobota ya tumbaku ghalani hudhani kwamba Kaliua ilizaliwa pamoja na zao hilo. Sivyo hata kidogo.

Zamani nchi hii yote ilikuwa msitu. Mitundu, miyombo na mininga ilienea kutoka Tabora hadi mto Malagarasi, na watu walikaa mbalimbali katika vijiji vidogo. Utajiri wa msitu ule ulikuwa asali. Mrina-asali alibandua gome la mti, akalikunja likawa mzinga, akautundika juu tawini na kuwangoja nyuki. Asali iliyopatikana ililiwa, ikauzwa, na nyingine ikachachushwa ikawa wanzuki, kinywaji cha harusi na cha kazi za ujima. Kabla ya tumbaku, basi, tulijulikana kwa asali na nta.

Njia ya misafara nayo haikuwa mbali nasi. Ilianza Bagamoyo, ikapita Tabora, ambayo wageni waliiita Kaze, ikaishia Ujiji. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857 wakaukuta mji wa biashara umekwisha kuota mizizi. Waliobeba biashara hiyo mabegani walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Kila mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, wa pembe au wa nguo, akatembea miezi mingi. Si haki kuwaita watu wale watumwa wa misafara. Wengi walikwenda kwa ujira, na walirudi msimu wa kilimo kulima mashamba yao.

Ulyankulu, ambayo leo imo katika wilaya yetu, ilikuwa sehemu ya nchi ya Mtemi Mirambo. Mwezi wa Agosti 1871 Waarabu wa Unyanyembe walikwenda kumpiga, na Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akafuatana nao. Waliiteka Ulyankulu, lakini walipokuwa wakirudi na nyara zao, Mirambo aliwavizia njiani akawashinda vibaya. Kisha akaishambulia Tabora yenyewe. Njia ya Ujiji ikafungwa, na Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini. Mtemi huyo alifariki mwezi wa Desemba 1884, na jina lake lingali likitajwa kwa heshima Urambo na kwetu pia.

Kilichokomesha kazi ya upagazi katika njia ile ni reli. Wadachi waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache. Kaliua ikapata kituo, kilomita 120 hivi magharibi ya Tabora. Na penye kituo hapakosi duka, na penye duka hapakosi nyumba. Hata hivyo ilikuwa stesheni ndogo tu, mpaka ilipojengwa tawi la kwenda Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Tawi hilo, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilikamilika mwaka 1950. Tangu hapo Kaliua ikawa njia panda: msafiri wa Kigoma hupita, na msafiri wa Mpanda huchepuka.

Wakati huo huo jirani zetu wa Urambo walikuwa na mkasa wao. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko, na Kongwa na Nachingwea. Mitambo ililetwa, msitu ukang'olewa, lakini karanga hazikutoa mavuno yaliyotazamiwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mashamba yakageuzwa kuwa ya tumbaku ya mvuke, na kilimo hicho kikaenea hata kwetu. Hapana budi tukumbuke fundisho lake: waliopanga mambo hawakuwauliza kwanza wenyeji tabia ya mvua na udongo.

Ushirika nao umepita mabonde na milima. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mkulima alijifunza wakati ule kwamba asiye na chama chake hana mahali pa kusemea siku mteuzi akilishusha daraja robota lake.

Mwaka 2012 Kaliua ikatengwa na Urambo ikawa wilaya kamili, na hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha watu 393,358. Stesheni ya jana ikawa makao ya Mkuu wa Wilaya.

Mgeni akija tumwonyeshe nini? Kwanza njia panda ya reli. Pili maghala wakati wa masoko, harufu ya tumbaku ikijaza hewa. Tatu Ulyankulu, penye makazi yaliyowapokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Nne, upande wa Usinge, Ziwa Sagara na mabwawa ya Malagarasi, ambayo tangu mwaka 2000 yanatambuliwa na mataifa kuwa ardhi oevu ya thamani.

Lakini lipo jambo moja ambalo mgeni hataliona tena karibu na mji, nalo ni msitu. Marehemu baba yangu alikuwa mrina-asali kabla ya kuwa mkulima wa tumbaku. Mwaka mmoja kuni zilimpungukia na majani yalikuwa tayari banini. Akaukata mtundu ambao babu yangu alitundikia mizinga. Tumbaku ilikauka vizuri, akapata daraja jema. Jioni ile hakula. Aliniambia, "Nimeuza mara moja kitu kilichonilisha kila mwaka."

Ndugu wanachama, mabani yetu hayawaki bila kuni, na kuni haziji bila miti. Katika miaka kumi ijayo kila chama cha msingi kisihesabu kilo za tumbaku tu, bali kihesabu pia miti iliyopandwa ikakua, na mizinga iliyotundikwa. Mkataba wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2022. Njia ya kusafirisha mali yetu tutaipata. Swali ni kama tutakuwa na mali ya kupakia.

Tuutunze msitu, na msitu utatutunza. Ushirika udumu!